Mtoto akilazwa kwa kifua, taja kijiji chako vizuri

Mzazi mwenzangu, mtoto akilazwa kwa ugonjwa wa kifua katika hospitali ya wilaya, iwe Nachingwea au Ruangwa, akili yote inakuwa kwenye pumzi zake. Unatazama mbavu zinavyobonyea, unasikiliza anavyoguna, unaulizia sindano inayofuata ni saa ngapi. Hapo ndipo muuguzi anapokuja na daftari kubwa, au anapokaa mbele ya kompyuta, na kuanza maswali: jina la mtoto, umri, ameanza kuumwa lini, mnatoka wapi.

"Mnatoka wapi, mama?"

"Nachingwea, nesi."

Ni jibu la kweli, ila halitoshi. Mtoto wa Stesheni, pale mjini, na mtoto wa Kilimarondo wote ni wa Nachingwea, lakini hawavuti hewa moja. Kwa Ruangwa ni vivyo hivyo: wa mjini na wa Mbekenyera hawaishi mazingira yanayofanana. Daftari likiandikwa "Nachingwea" peke yake, mtoto atatibiwa vilevile, lakini habari muhimu itakuwa imepotea.

Kwa nini mzazi ajali habari hiyo? Kwa sababu daftari la waliolazwa ni moja ya njia chache za kujua kama hewa ya mahali fulani inawaumiza watoto. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afya ya watoto nayo ni mali. Mtoto anaugua kifua, anatibiwa, anarudishwa kwenye hewa ileile, msimu unaofuata yuko wodini tena. Bila daftari zuri, kila mara itaonekana ni mkosi wa nyumba moja.

HEWA YA KWETU INA NINI?

Tukisikia "uchafuzi wa hewa" tunafikiria viwanda na foleni za magari za Dar es Salaam. Vijijini tunajiona tuko salama, hewa ni ya miti na mashamba. Hebu tuhesabu yaliyopo.

Kwanza ni jiko. Kaya nyingi za huku zinapika kwa kuni kwenye mafiga matatu, mjini kwa mkaa. Chumba cha kupikia hakina dirisha la maana, na mara nyingi aliye karibu zaidi na moto ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Pili ni korosho. Wanaobangua nyumbani wanajua moshi wake unavyochoma macho na koo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi, na yakiungua moshi wake si wa mchezo.

Tatu ni salfa. Kuanzia Juni hivi, mikorosho inapochipua na kutoa maua, wakulima wanapulizia salfa ya unga kuzuia ubwiriunga. Mashine inarusha wingu la njano juu ya miti, na upepo ndio unaoamua wingu hilo litaishia wapi. Mikorosho yetu iko nyuma ya nyumba, kando ya shule, pembeni ya njia ya kwenda kisimani.

Nne ni moto. Miezi hiyohiyo ya kiangazi watu wanachoma mabua na vichaka kuandaa mashamba, wengine wanawasha pori kuwinda panya. Ongeza vumbi la barabara za udongo, na taka zinazochomwa uani pamoja na mifuko ya plastiki.

Kinachowatia hofu wataalamu zaidi ni chembe ndogo sana zilizomo ndani ya moshi, zenye upana usiozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwa ni mnene kuliko chembe hiyo karibu mara 30. Kwa udogo huo inapita puani na kooni bila kuzuiwa, inafika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza: wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na pa kutolea moshi linakipita kiwango hicho mara nyingi sana.

Mtoto mdogo anaumia zaidi ya mtu mzima. Anapumua haraka zaidi, mapafu yake bado yanakua, na hawezi kuinuka akatoka nje moshi ukimzidi. Moshi wenyewe hauleti nimonia, nimonia inaletwa na vijidudu. Lakini moshi unadhoofisha ulinzi wa mapafu, vijidudu vinapata mlango.

DAFTARI LA WODI LILIVYOIFICHUA HEWA

Sasa mtu atauliza: daftari la majina ya wagonjwa litajuaje habari za moshi? Mfano unaosimuliwa sana na wataalamu wa hewa unatoka mbali, jimbo la Utah, Marekani, lakini nauleta kwa sababu kazi yenyewe haikuanza na mashine za ajabu. Ilianza na kuhesabu waliolazwa.

Katika Bonde la Utah kulikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, Geneva Steel. Agosti 1986 kilifungwa kutokana na mgogoro wa kazi, kikakaa kimya miezi 13, kikafunguliwa tena Septemba 1987. Mtafiti mmoja wa chuo kikuu cha huko, Arden Pope, ambaye kwa fani alikuwa mchumi, alichukua hesabu za waliolazwa katika hospitali za bonde hilo. Akalinganisha vipindi vya baridi: kiwanda kikiwa wazi, kikiwa kimefungwa, kikiwa kimefunguliwa tena.

Matokeo yalichapishwa 1989. Katika vipindi ambavyo kiwanda kilifanya kazi, watoto waliolazwa kwa matatizo ya kifua kama bronkaitisi na pumu walikuwa mara mbili hadi tatu ya walipokuwa wakilazwa kiwanda kikiwa kimefungwa. Hakuna aliyekuwa amepanga jaribio lolote. Kiwanda kilifungwa kwa sababu zake, hospitali zikaendelea kuandika kama kawaida. Daftari lilikuwa tayari, likangoja mtu wa kulisoma.

Wapo waliobisha. Walisema huenda ni virusi vya msimu, si moshi. Swali hilo ni la haki, na ndiyo maana katika kazi ya baadaye Pope alilinganisha bonde lile na mabonde mengine ya jimbo hilohilo yasiyo na kiwanda. Kama ni msimu tu, kwa nini kupanda na kushuka huko kulionekana pale kwenye kiwanda zaidi?

Angalia kilichowezesha ulinganisho huo: kujua mgonjwa alilazwa LINI na anatoka WAPI. Ni maswali mawili yaleyale ambayo muuguzi wa Nachingwea anakuuliza huku wewe ukitamani amalize haraka.

MTOTO KULINGANISHWA NA YEYE MWENYEWE

Watafiti wa siku hizi wana mbinu nyingine ambayo mzazi ataielewa upesi. Tuseme mtoto amelazwa siku ya Jumanne. Mtafiti anatazama hewa ilikuwaje Jumanne ile na siku chache kabla yake, kisha anatazama Jumanne nyingine za mwezi huohuo ambazo mtoto huyo hakulazwa. Anafanya hivyo kwa watoto mamia au maelfu. Kama siku za kulazwa zilikuwa na hewa chafu kuliko siku nyingine, mara kwa mara, basi hewa inahusika.

Uzuri wake ni kwamba mtoto analinganishwa na yeye mwenyewe. Huwezi kusema ni kwa sababu nyumba yao ni ya udongo, baba anavuta sigara au lishe yao ni duni, maana mambo hayo hayabadiliki kati ya Jumanne na Jumanne. Kinachobadilika ni hewa.

Kwa wilaya zetu mbinu hii inafaa kwa mambo yanayokuja na kuondoka, yaani salfa na moto. Na hapa tuna bahati ya aina yake, kwa sababu mambo hayo nayo yana daftari. Salfa ikigawiwa kwa wakulima kupitia vyama vya ushirika, mgao unaandikwa: nani, mifuko mingapi, tarehe ipi. Moto wa mashamba na mapori unaonekana kutoka angani. Setilaiti za shirika la anga la Marekani, NASA, zimekuwa zikirekodi alama za moto duniani tangu 2000, na kumbukumbu hizo ziko wazi kwa mtu yeyote, Ruangwa ikiwamo.

Weka daftari la wodi upande mmoja, daftari la salfa na ramani ya moto upande mwingine, halafu uliza: wiki ambazo kijiji fulani kilipulizia, watoto wa kijiji hicho walilazwa zaidi? Jibu likiwa ndiyo, tutajua la kubadilisha. Likiwa hapana, tutaacha kuisingizia salfa na kutafuta kwingine.

Swali la salfa si la kubuni. Katika bonde la Salinas, California, ambako mashamba yanapuliziwa salfa kwa wingi, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walifuatilia watoto 237 wa familia za wafanyakazi wa mashambani. Mwaka 2017 walichapisha kwamba salfa iliyotumika ndani ya kilomita moja kutoka nyumbani ilipoongezeka mara 10, uwezekano wa mtoto kutumia dawa za pumu ulikuwa mkubwa mara tatu na nusu, na mapafu yalipopimwa yalionekana kupungua nguvu. Huo ni uhusiano ulioonekana kwa watoto wa kule, si hukumu dhidi ya mkorosho. Korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba. Lakini ni sababu tosha ya mzazi kuuliza.

MOSHI WA JIKONI UNAJIFICHA

Moshi wa kuni una tatizo jingine. Haumo leo ukaondoka kesho. Uko kila siku, asubuhi na jioni. Ukilinganisha Jumanne na Jumanne hutaona tofauti, kwa sababu zote zina moshi. Kuufichua kunahitaji kulinganisha nyumba na nyumba, na hapo mtu lazima aulize: mnapikia nini, na mtoto analala wapi?

Hapa kwetu Tanzania jambo hilo lilifanyika Bagamoyo. Utafiti uliochapishwa 1992 ulichunguza vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 wilayani humo, ukilinganisha familia zilizofiwa na zile ambazo watoto wao walikuwa hai. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo ni mtoto kulala katika chumba kinachopikiwa. Ni miaka mingi imepita, na bado nyumba zenye mtindo huo tunazo, hasa wakati wa mvua jiko linapohamishiwa ndani.

Kwa hiyo tubadilishe majiko, yaishe? Majirani zetu wa Malawi walijaribu. Katika wilaya za Karonga, iliyo karibu na mpaka wetu, na Chikhwawa, kaya zilipewa majiko ya kuni yenye feni yanayotoa moshi kidogo, wakafuatilia zaidi ya watoto 10,000. Matokeo yalitoka 2016: nimonia haikupungua. Watafiti walitaja kwamba watoto wale bado walikuwa wakivuta moshi mwingine, wa taka, wa sigara na wa majirani.

Habari hiyo isikukatishe tamaa, ila itufundishe kwamba jiko jipya peke yake halitoshi ikiwa mtoto bado yuko ndani ya moshi wa aina nyingine. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Ni hatua kubwa. Na njia mojawapo ya kujua kama inawafikia watoto ni kuangalia kama wodi za watoto zinapungukiwa na wagonjwa wa kifua. Tunarudi kwenye daftari.

DAFTARI LINAVYOWEZA KUDANGANYA

Daftari nalo si msahafu. Lina mapengo, na mengine tunayasababisha sisi wazazi.

Watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na wenzao walikusanya kumbukumbu za vifo kutoka hospitali 39 nchini kwa miaka ya 2006 hadi 2015. Walihesabu vifo 247,976. Malaria iliongoza, magonjwa ya mfumo wa hewa yakafuata katika nafasi ya pili. Lakini walieleza pia kwamba rejista nyingi hazikupatikana au hazikuwa kamili. Fikiria ni watu wangapi hawakuhesabiwa kwa sababu daftari liliraruka, lililowa au halikujazwa.

Pengo la pili ni watoto wasiofika. Daftari la wodi linamjua aliyelazwa tu. Aliyetibiwa zahanati akarudi nyumbani hayumo humo. Aliyefia njiani au nyumbani hayumo. Masika barabara zikiharibika waliolazwa wanaweza kupungua, na asiyejua atasema watoto wamepona, kumbe hawajafika.

Pengo la tatu ni kuvuka mipaka. Mtoto wa Ruangwa anaweza kulazwa Nyangao, wa Nachingwea akalazwa Mnero, au akapelekwa Ndanda iliyo mkoa wa Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine pale Lindi mjini. Ukihesabu kwa hospitali bila kuangalia kijiji, Ndanda itaonekana ina watoto wengi wa kifua na kijiji walikotoka kitaonekana salama.

Pengo la nne ni jina la ugonjwa. Homa na kupumua haraka vinaweza kuwa malaria, vinaweza kuwa nimonia, vinaweza kuwa vyote viwili. Kikiandikwa kimoja, kingine kinapotea.

La mwisho ni mambo mengine yanayobadilika. Tangu 2013 watoto wetu wanapata chanjo ya nimonia ya PCV katika ratiba ya kawaida. Anayelinganisha 2010 na leo akaona wamepungua, asiseme ni majiko. Chanjo nayo ina mkono wake.

MZAZI AFANYE NINI?

Kwanza, mapokezi. Ukiulizwa mnatoka wapi, taja kijiji na kitongoji, hata kama hukuulizwa kitongoji. Wengi tukifika mjini tunafikia kwa shangazi au kwa ndugu, na hospitali tunataja kwake kwa sababu ni karibu. Sema kote kuwili: "Tumefikia hapa mjini kwa dada, lakini mtoto anaishi kijijini." Kinachotakiwa ni mahali alipokuwa akivuta hewa kabla ya kuugua.

Pili, tarehe. Kumbuka siku kikohozi kilipoanza, si siku ulipopata nauli. Tofauti ya siku nne inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kabla na baada ya kupulizia.

Tatu, mweleze daktari mazingira bila kungoja kuulizwa. "Shamba la jirani lilipuliziwa salfa juzi." "Tunabangua korosho uani." "Mtoto analala tunapopikia." Maneno hayo yanamsaidia kwenye matibabu pia, hasa kama ni pumu inayotibiwa kila mara kama mafua. Usiogope kulaumiwa.

Nne, tunza karatasi za kuruhusiwa pamoja na kadi ya kliniki. Mtoto akilazwa mara tatu ndani ya mwaka, karatasi tatu zenye tarehe zinaongea kuliko kumbukumbu ya kichwa.

Wengine wanaogopa kwamba habari za mtoto zitasambaa. Hofu hiyo ni ya haki. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za mgonjwa, na utafiti wa afya unatakiwa kupata kibali cha maadili kabla ya kuanza. Anayesoma madaftari kwa ajili ya hewa hahitaji jina la mwanao. Anahitaji umri, kijiji, tarehe na ugonjwa.

Tano ni jambo la wote. Zahanati, vituo vya afya na hospitali zetu zina kamati na bodi zenye wawakilishi wa wananchi. Mfuate mwakilishi wenu umwombe alete swali moja katika kikao: mwezi uliopita watoto wangapi wa chini ya miaka 5 walilazwa kwa kifua, na kutoka vijiji gani? Liulizwe kila kikao, mwaka mzima. Namba 12 zilizopangwa kwa vijiji zitaanza kuonyesha sura. Zikionyesha kijiji kimoja kinapanda kila Julai, Mganga Mkuu wa Wilaya na ofisa kilimo watakuwa na la kuzungumza pamoja.

USINGOJE UTAFITI

Wakati namba zinakusanywa, mtoto anapumua leo. Haya hayahitaji kibali cha mtu.

Mwondoe mtoto jikoni wakati wa kuwasha moto, maana hapo ndipo moshi unakuwa mwingi. Pika nje au barazani inapowezekana, tumia kuni zilizokauka vizuri, fungua mlango na dirisha. Mtoto asilale chumba kinachopikiwa. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa chumba cha kulala, hata kwa baridi. Lina hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu usingizini.

Siku ya kupulizia salfa, watoto na wajawazito wakae mbali, upande upepo unakotoka. Wapuliziaji wafanye kazi alfajiri hewa ikiwa imetulia, na wawaambie majirani siku moja kabla. Nguo za kupulizia zisikumbatie mtoto, zifuliwe peke yake. Mifuko ya salfa isihifadhiwe chumba cha kulala wala isichomwe moto, kwa sababu salfa ikiungua inatoa gesi inayokaba kifua. Na anayebangua korosho awashe moto mbali na nyumba, watoto wasiwe upande moshi unakokwenda.

Hakikisha chanjo zimekamilika. Baba, usivute sigara ndani wala ukiwa umempakata mtoto.

Mwisho, jifunze kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Aliye chini ya miezi 2 akifika 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifika 50 au zaidi, wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kawaida. Mpeleke kituoni siku hiyohiyo. Kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au akilegea na kutoamka vizuri, usingoje kukuche. Kifaa ni saa ya simu hii unayosomea.

Ukifika huko, toa na habari za kijiji chenu zikiwa kamili. Dakika moja ya maelezo haitamponya wa kwako usiku huo, dawa ndiyo kazi yake. Lakini itaandikwa, na kilichoandikwa kinaweza kuulizwa. Watoto wa vijiji vyetu wanastahili mtu aulize kwa nini wanarudi wodini kila msimu.